Fundi wa stendi ya kinanda, hiyo inchi moja na nusu uliyoniuzia ni ipi?

Wanajamvi, salama? Mie si mtu wa kuja humu kulialia, nyuzi zangu nyingi mnazijua ni za kuuliza waya na spika. Lakini hili limenikaa kooni tangu Jumamosi, na nikizidi kulinyamazia nitapasuka.

Napiga kinanda harusini. Natumia vitatu: chini piano, Yamaha P-45 ya vibonye 88, katikati PSR-SX900, ndiyo yenye midundo na fidla zangu za taarabu, juu sinte (sintesaiza) ndogo ya mbwembwe. Hiyo P-45 ni kilo 11.5 na ina urefu wa mita 1.3 na ushei. PSR nayo kilo 11.5 vilevile. Stendi za eksi za dukani, zile za miguu iliyopishana kama herufi X, nimeshazimaliza mbili. Ukiongeza ghorofa ya pili tu chombo kinayumba kama ngalawa wakati wa kusi, na magoti hayana pa kwenda. Nikaamua nitengenezewe yangu ya tubu na klampu, yaani vibano vya chuma vya kukaza kwa bolti, ghorofa tatu, inayofunguka vipande vipande iingie kwenye tuktuk.

Mchoro nilichora mwenyewe usiku, nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi kwa sababu ndiyo karatasi ngumu iliyokuwa karibu. Nguzo mbili za sentimita 110. Miguu miwili ya 60, na nikaandika wazi kwamba sehemu kubwa ya mguu itokeze mbele, upande ninaoketi, maana mizigo yote iko mbele ya nguzo na stendi itataka kuniangukia mapajani. Miti miwili ya 90 ya kushikanisha nguzo. Mikono sita ya 40, miwili kwa kila ghorofa. Jumla mita 7.6. Juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, nikaandika: TUBU 38 MM KWA NJE, KLAMPU 38 MM. Nikapigia mstari mara mbili. Wekeni hiyo akilini.

Mbona 38? Kwa sababu ya mgongo wangu. Tubu ya 38 yenye unene wa milimita 1.5 ni kama kilo 1.35 kwa mita, kwa hivyo stendi nzima bila klampu ni kilo kumi na kidogo. Ukichukua paipu ya jukwaa la ujenzi, ile ya milimita 48.3 yenye unene wa 3.2, mita moja ni zaidi ya kilo tatu na nusu. Stendi hiyohiyo inafika kilo 27. Sasa nani atanipandishia kilo 27 za chuma ngazi za ukumbi saa kumi na mbili jioni? Tena 38 ndiyo saizi ya fremu nyingi za ngoma za bendi, na klampu zake zimetengenezwa kwa kazi hiyohiyo ya kubeba vitu vinavyopigwapigwa.

Nikampelekea fundi. Karakana siitaji, na msinifuate inbox kuuliza. Aliushika mchoro, akageuza kadi, akasoma jina la bwana harusi, akacheka. Kisha akasema, "Maalim, hii ni inchi na nusu. Mbona kazi ya siku mbili tu." Bei shilingi 14,500, vifaa anunue yeye. Nikatuma 10,000 palepale kwa M-Pesa.

Siku mbili zikawa wiki tatu. Leo stima imepotea, kesho msaidizi amefiwa, keshokutwa diski za grainda zimekwisha. Hayo nimemsamehe. Anayengoja fundi asiyechelewa atangoja sana.

Siku ya kuichukua nilifika na tuktuk ikinguruma nje, na harusi ni usiku huohuo. Stendi imesimama, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, kwa mbali unaipenda. Nikasogea. Kila klampu ina kitu cheusi kimejitokeza pembeni. Mpira wa tyubu ya baiskeli, umekatwa vipande na kuzungushwa tubu mara tatu nne. Nikauliza, huu wa nini? "Wa kushika, maalim. Chuma kwa chuma kinateleza." Wallahi nikaamini. Hapo nakubali kosa ni langu, niandikieni. Mtu aliyechora kwa milimita alitakiwa afungue klampu moja tu atazame.

Ukumbi ulikuwa Tudor, hapa Mombasa. Nimepanga vyombo, nimevijaribu, sawa. Feni za ukumbi mnazijua zinavyosukuma joto kutoka kona hii kwenda kona ile. Bibi harusi anaingia, vigelegele vimepanda, nami nipo kwenye PSR na mikono yote miwili. Nikahisi vibonye vinanikimbia, vinashuka polepole kama lifti. Kuinamia upande naona mkono wa kulia wa ghorofa ya kati unazunguka ndani ya klampu, na ule mpira umetoka nje kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Nikaukamata kwa goti. Nilipiga wimbo mzima goti moja juu, wageni wakidhani ndiyo madoido. Wimbo unaisha, nashusha goti, PSR ikalala juu ya piano. Vibonye vitatu vya P-45 vimevunjika, na kimoja ni do ya kati, kile nisichoweza kujifanya sikihitaji.

Jumapili nikaazima venia, kile kipimo cha kubana chenye kusoma milimita, kwa jirani anayetengeneza injini za boti. Tubu: 38.1. Sawa kabisa na kalamu nyekundu. Klampu sikuhitaji hata kuipima. Imeandikwa kwenye chuma chenyewe, herufi za kuinuka: 48.3. Klampu za jukwaa la ujenzi! Milimita kumi za hewa, zikajazwa mpira wa baiskeli.

Mambo yenyewe ni haya, kwa asiyejua, na inaonekana wapo wenye karakana wasiojua. Inchi moja na nusu ziko mbili. Tubu ya fanicha ya inchi moja na nusu hupimwa nje, nayo ni 38.1 kweli. Paipu ya maji inayoitwa inchi moja na nusu ni 48.3 kwa nje, na ndani ni arobaini na kitu. Hakuna pahali popote kwenye paipu hiyo utakapopata inchi moja na nusu. Ni jina tu, kama mtu mfupi anayeitwa Twiga. Na klampu za jukwaa zinafuata hiyo paipu. Sasa ukienda hadwea ukasema "nipe tubu ya inchi na nusu", halafu dirisha la pili ukasema "nipe klampu za inchi na nusu", utapewa vitu viwili visivyojuana. Ndiyo maana niliandika milimita. Ndiyo maana hasa!

Na mpira haushiki, unatambaa. Ukiubana leo, kesho umelegea, na joto la Mombasa linausaidia. Fundi alilijua hilo, kwa sababu alikuwa amekaza bolti kwa spana aliyoiongezea paipu. Nilipozifungua klampu nikakuta tubu zimebonyea. Zilikuwa duara, sasa zina umbo la yai pahali sita. Kwa hivyo hata nikipata klampu za 38 leo, hazitakaa sawa hapo. Nguzo zimekwisha.

Jumatatu nikarudi karakana. Akaanza na "pole maalim" nyingi, kisha neno likageuka. "Wewe ulisema inchi na nusu." Mie? Inchi ulitamka wewe, yakhe, mie niliandika 38! Kisha ati nilipiga kwa nguvu. Kisha ati stendi haikutengenezwa ya kuchezewa, kana kwamba nilitaka ya kuanikia nguo. Hadwea nako nikaambiwa mali ikishatoka dukani hairudi, na anayestahili kulalamika ni aliyenunua, yaani fundi. Wananirusha baina yao kama tiara.

Jambo jingine dogo lakini linaniwasha. Tubu huuzwa mita 6. Nilizilipia mbili, mita 12. Kazi yangu ni 7.6. Zile mita nne na vipande ziko wapi? Nilipouliza aliangalia juu ya bati la karakana kama aliyesikia mvua.

Na rangi msiniulize. Ilipakwa juu ya chuma kitupu, bila ya ile nyekundu ya kuzuia kutu, na ncha za tubu ziko wazi, hewa ya chumvi inaingia mpaka ndani. Wiki haijatimia, chini ya mguu wa kushoto nimeshaona alama ya chai.

Ninalodai si kubwa. Sitaki kumpeleka mtu kituoni. Nataka nguzo mbili mpya, mikono sita mipya, klampu za 38 kamili, na chini ya kila klampu ya nguzo kola, yaani pete ya chuma, yenye bolti iliyopenya tubu, ili klampu ikiteleza ipate pa kuketi. Mikono ya ghorofa ya kati ipigwe pini, isitegemee kubanwa peke yake. Vibonye vya piano nitanunua mwenyewe. Amekataa. Anasema nilipe tena vifaa, yeye "atanisaidia" ufundi.

Kwa hivyo naomba: aliye na klampu za fremu ya ngoma, za 38, hata zilizotumika, aandike bei hapa. Nahitaji kumi na mbili. Na fundi anayemiliki venia, na anayeitumia, ajitokeze. Nitakuja hata kama ni Mtwapa. Nina harusi nyingine wiki ijayo Majengo, na kwa sasa PSR nimeiweka juu ya kreti mbili za soda.

Nilimwomba anirudishie ile kadi yenye mchoro, akasema ameshaitupa. Nilikuwa nimeipiga picha kabla sijampa. Hiyo hapo chini. Jina la bwana harusi nimelifuta, kalamu nyekundu nimeiacha.