"Bado anaongea, hajafikia kufa": hivi muuguzi ana haki ya kumkataa mtu anayevuja damu?

Kaka wa Mtaa: Wakuu, naandika damu ya mdogo wangu haijakauka kwenye suruali, kwa hiyo mtanisamehe.

Hospitali mnaijua. Na yule dada wa mapokezi ya dharura mnamjua, yule wa kalamu kwenye nywele, msijifanye. Leo asubuhi bodaboda kampitia dogo kwenye zebra, mfupa wa muundi umechungulia nje, mama kaufunga kwa khanga, khanga yote imelowa. Tunafika, namwambia dada tusaidie. Hakuinuka. Akamtazama dogo kuanzia kichwani mpaka kwenye khanga, akasema: "Huyu bado anaongea, hajafikia kufa. Kaleteni PF3 kwanza."

BADO ANAONGEA! Kwani alitaka aletwe kimya? Ni kweli dogo alikuwa anaongea. Alikuwa anasema "mama, nakufa".

Nikakimbilia kituo cha polisi kuchukua hiyo fomu yao ya majeruhi. Afande anatafuta kalamu. Karne nzima anatafuta kalamu. Atazipata wapi, wakati kalamu zote za nchi hii ziko kwenye nywele za yule dada? Narudi na karatasi, natumwa duka la dawa la nje nikanunue glovu. Serikali imesema mara ngapi majeruhi atibiwe kwanza, PF3 ifuate? Yule dada redio hana?

Bado anaongea. Mtu mzima, mwenye wazazi, anatamka hivyo mbele ya mama mzazi wa mgonjwa.

Mzee wa Kijiweni: Nimekaa paleee nasubiri picha. Bila picha hii chai.

Binti Chalinze: Sio chai. Huyo dada namjua! Mwaka juzi nimeshikwa na uchungu, akaniambia "usipige kelele, mimba hukupewa na hospitali". Pole sana kaka, dogo anaendeleaje?

Kaka wa Mtaa: Yuko wodini, wanasubiri daktari wa mifupa. Ila dada, hata wewe hukuambiwa "bado anaongea".

Binti Chalinze: Haya mashindano sasa.

Sindano Moja: Mimi ni muuguzi, na nitasema ukweli hata mkinitukana. Majeruhi wa dharura hakataliwi, huyo dada kakosea. Lakini mnajua PF3 ni ya nini? Kesi ikienda mahakamani, anayeitwa kueleza jeraha ni sisi, na bila ile fomu tunaulizwa sisi. Nimeshatibu mtu usiku bila karatasi, asubuhi polisi wananigeuzia kibao kana kwamba nimemchoma kisu mimi. Na ndugu wa mgonjwa wanatupiga. Mlevi kanizaba kofi nikimshona. Hapo nina haki ya kuweka sindano chini au sina?

Kaka wa Mtaa: Mdogo wangu hakumpiga mtu kofi. Mguu ulikuwa umevunjika! Angempiga na nini?

Mzee wa Kijiweni: Na mkono, mkuu. Mkono ulikuwa mzima.

Mbeba Boksi: Niko Uingereza. Huku ukiingia mapokezi ya dharura hawakuulizi hela, hata kama wewe ni mgeni umetua jana; wakikulaza ndiyo mahesabu yanaweza kukufuata. Na haki ya kukataa ipo, ila ina mipaka. Sheria ya utoaji mimba ya 1967 inamruhusu daktari au muuguzi kukataa kushiriki kwa sababu ya dhamiri. Lakini uhai wa mama ukiwa hatarini, dhamiri inakaa pembeni, kazi inafanyika. Huyo dada wenu anakataa kwa dhamiri ipi? Ya karatasi?

Kaka wa Mtaa: ASANTE. Dhamiri ya karatasi! Bado anaongea!

Texas Kavu: Msisifie nje sana. Marekani kuna sheria ya mwaka 1986, hospitali yenye kitengo cha dharura na inayopokea hela za Medicare, bima ya serikali ya wazee, lazima ikupime na kukutuliza, uwe na bima usiwe nayo. Safi. Halafu bili inakuja kwa posta. Mimi nimeshonwa kidole, nilipofungua bahasha nikatamani wangekiacha kining'inie.

Mtoto wa Likoni: Majirani wa Tanzania poleni. Huku Kenya Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema wazi mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Imeandikwa vizuri kabisa. Halafu madaktari wakagoma siku 100, Desemba 2016 mpaka Machi 2017, na 2024 siku 56. Katiba ikashonwe na nani?

Sindano Moja: Mgomo siyo kumkataa mgonjwa. Unamkataa mwajiri. Hata huku 2012 madaktari waligoma, tukaitwa wauaji, ila aliyeuliza vifaa viko wapi hakuwepo. Kaka, glovu ulizotumwa kununua, unadhani yule dada alizificha kwenye nywele?

Kaka wa Mtaa: Glovu nimezisamehe. PF3 nimeisamehe. "Bado anaongea" siisamehi mpaka naingia kaburini.

Mzee wa Kijiweni: Ukiingia huko atakuhudumia haraka, hutakuwa unaongea.

Mtoto wa Likoni: Nyinyi angalau mna NHIF, bima ya afya ya taifa. Yetu walifunga, wakatuletea SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara inakatwa kila mwezi, ukifika hospitali unaambiwa mtandao uko chini.

Mama Wawili: NHIF ipi ya kuonea wivu, kaka wa Likoni? Machi 2024 hospitali binafsi ziligomea kadi kwa sababu ya kitita kipya cha bei. Mimi nina kadi mkononi, mtoto ana homa, naambiwa toa taslimu. Huko nako ni kukataa mgonjwa, tena kwa adabu na kiyoyozi.

Binti Chalinze: Na Toto Afya je? Ile bima ya watoto, iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Ilivyositishwa 2023 wakasema watoto wasajiliwe kupitia shule. Wangu alikuwa bado ananyonya, nimpeleke shule gani?

Mama Wawili: Hapo ndipo waliponiudhi kuliko pote! Sheria ya bima kwa wote tayari wameipitisha, sasa hao wote ni akina nani kama siyo watoto?

Kaka wa Mtaa: Jamani, uzi unahusu mguu wa dogo.

Texas Kavu: Mama Wawili, hiyo sheria inamhusu na aliyeko nje ambaye wazazi wako kijijini? Nataka kuwalipia wazee.

Mama Wawili: Anzisha uzi wake mkuu, nitakuja na maelezo yote. Mama mkwe nimeshamhangaikia hadi visigino vimechanika.

Mzee wa Kijiweni: Uzi wa wazee ukifunguliwa mniite, babangu sukari inamsumbua na vipimo kila wiki.