MJADALA: Mshahara unaokatwa kuokoa kampuni, urudi lini?

Ndugu zangu, kila uchumi ukiyumba tunaambiwa serikali, COTU (muungano wa vyama vya wafanyakazi Kenya) na Shirikisho la Waajiri wameketi na wameelewana, basi tutulie. Msimamo wangu ni huu: makubaliano ya kukata mshahara yasitiwe saini kama hayana tarehe, wala kabla wafanyakazi hawajaonyeshwa hesabu za kampuni.

Turudi 2020. Corona iliingia Kenya mwezi Machi. Aprili, Wizara ya Leba, COTU na waajiri wakatia saini maelewano ya kuzuia watu wasifutwe kiholela. Nia ilikuwa njema, na naamini kuna kazi zilizonusurika. Wakati huohuo serikali ilishusha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14, na kiwango cha juu cha kodi ya mishahara kutoka 30 hadi 25. Ilipofika 1 Januari 2021, viwango vyote viwili vikarudi vilipokuwa. Hazina ilijua siku ya kurudisha chake.

Sisi je? Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika hoteli moja ya Pwani. Barua tuliyopewa ilikuwa ya ukurasa mmoja: nusu mshahara kwa wanaobaki, likizo bila malipo kwa wengine, "hadi hali itakapotengemaa". Itatengemaa lini, na nani wa kutamka kwamba imetengemaa? Ndege za kimataifa zilirudi 1 Agosti 2020. Disemba vyumba vyetu vilijaa wageni kutoka Nairobi. Wapishi walisimama jikoni tangu alfajiri kwa nusu mshahara uleule, na kila tulipouliza tulijibiwa tukaisome barua.

Mwenye hoteli ndogo, Nakuru:
Ndugu mleta hoja, uchungu wako nauelewa, lakini usitutie sote kapu moja. Mimi nina wafanyakazi kumi na wawili. Machi ile kila simu iliyoingia ilikuwa ya kufuta nafasi, na mkopo wa benki haukusimama. Unataka ningeandika tarehe gani, wakati serikali yenyewe ilikuwa inaongeza kafyu kila mara? Hizo hesabu nazo, nikizitoa leo, kesho ziko kwa jirani tunayegombania naye wageni. Bora nusu mshahara kuliko mlango uliofungwa.

Mama wa Kisauni:
Nyinyi mnabishana juu ya barua. Mimi nilikuwa nafua mashuka hotelini kwa kibarua, na sikuandikiwa barua ya kuingia wala ya kutoka. Askari wa getini ndiye aliyeniambia hakuna kazi. Takwimu za serikali zenyewe zasema ukiondoa wakulima wadogo, zaidi ya watu 80 katika kila 100 wanaofanya kazi Kenya wako kwenye jua kali, yaani kazi zisizo rasmi. Kwenye hiyo meza ya pande tatu, nani alikaa kwa niaba yetu?

Mleta hoja:
Bwana wa Nakuru, mfano wako wa kafyu unanipa nguvu mimi. Iliongezwa mara nyingi, kweli, lakini mwaka ule wa 2020 ilipoongezwa ilitajwa siku ya kuangaliwa upya. Sikudai utabiri janga litaisha lini. Nadai siku ya kurudi mezani, tuseme kila miezi mitatu, na siku hiyo ikipita bila mazungumzo mshahara urudi wenyewe ulipokuwa. Kuhusu hesabu, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 57, tayari inamtaka mwajiri akipe chama taarifa zinazohitajika kwa mazungumzo, na inakibana chama kisizitoe nje. Jirani yako hatazipata. Na ambaye wafanyakazi wake hawana chama bado anabanwa na kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira: habadilishi masharti ya kazi bila kushauriana na mfanyakazi.

Mama wa Kisauni, swali lako ndilo zito zaidi hapa. Viongozi wa vyama huwasemea wanaokatwa ada, na kibarua hakatwi ada. Lakini kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi kutimiza mwezi anahesabiwa kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Kama ulifua miezi, ulistahili notisi, wala si neno la askari getini. Kwa hiyo naongeza sharti la tatu: mwajiri asipewe nafuu yoyote ya kodi wala ruhusa ya kukata mshahara kabla hajawasilisha kwa afisa wa leba orodha ya vibarua wake wote, na siku walizofanya kazi.

Waliokatwa 2020, leteni maneno ya barua zenu, msitaje mwajiri. Nataka tujue ni ngapi zilikuwa na tarehe, na ni nani alirudishiwa mshahara wake bila kwenda mahakamani.