Mjadala: Halmashauri ikiishiwa fedha, iuze nyumba zake?

Mleta mada

Salaam wakuu. Naleta hoja hii nikiwa tayari na msimamo, na sitauficha. Halmashauri yenye ukata isiuze nyumba inazowapangishia wananchi ili kuziba pengo la bajeti. Ikiuza itapumua mwaka huu, halafu italipia pumzi hiyo kwa miaka mingi.

Nianze na Dresden, Ujerumani, kwa sababu huko waliuza mpaka nyumba ya mwisho. Mwaka 2006 mji ule uliuza kampuni yake nzima ya nyumba, karibu nyumba 48,000, kwa kampuni ya uwekezaji ya Kimarekani, Fortress. Yalipoondolewa madeni ya kampuni yenyewe, mji ulibakiwa na takriban euro milioni 980, ukafuta madeni yake yote kwa mkupuo mmoja. Ilikuwa furaha, na siwalaumu waliofurahi. Kulala bila deni ni raha. Lakini mwaka 2017 mji uleule ulisajili kampuni mpya ya nyumba na kuanza kujenga upya, kiwanja kimoja kimoja.

Berlin nako hivyohivyo. Mwaka 2004 serikali ya jiji iliuza kampuni yake ya nyumba, GSW, yenye nyumba kama 65,000, kwa euro milioni 405 taslimu. Hata ukijumlisha madeni aliyoyabeba mnunuzi, kila nyumba haikufika euro 35,000. Mwaka 2021 kampuni za umma za jiji hilohilo zilinunua nyumba zipatazo 14,750 kwa euro bilioni 2.46. Gawanya mwenyewe: ni kama euro 167,000 kwa nyumba. Najua bei zilipanda kila mahali katika miaka hiyo. Ndiyo maana nasema aliyeshika mali ndiye aliyefaidi kupanda kwake, na aliyeuza akarudi sokoni kununua kama mgeni.

Tatizo lenyewe liko hivi. Mishahara, kuzoa taka, taa za barabarani, matunzo ya wazee: gharama hizo zinarudi kila mwaka wa fedha. Nyumba unaiuza mara moja tu. Ukilipia mishahara ya mwaka huu kwa nyumba, mwakani mishahara ipo palepale, nyumba haipo, na kodi ya pango iliyokuwa ikiingia nayo haipo. Ni kula mbegu. Uingereza wanalijua hili hata kisheria: kwa kawaida fedha za mauzo ya mali haziruhusiwi kulipia matumizi ya kawaida mpaka serikali kuu itoe kibali maalumu. Kilichonishtua ni jinsi vibali hivyo, vilivyokuwa vya nadra, vinavyotolewa sasa kwa halmashauri moja baada ya nyingine.

Na pengo halibaki vilevile, linakua. Halmashauri za England zinabanwa na sheria kuwatafutia mahali familia zisizo na makazi. Mwaka wa fedha 2023/24 zilitumia takriban pauni bilioni 2.3 kwa makazi ya muda peke yake. Ukitaka kujua fedha hiyo inanunua nini, ingia chumba kimoja cha nyumba ya wageni. Mama na watoto wawili. Masanduku yamepangwa ukutani bado yamefungwa, kwa kuwa hajui mwezi ujao watalala wapi. Mtoto mkubwa anafanya hesabu za shule akiwa amepiga magoti, daftari liko kitandani, maana meza hakuna. Chumba hicho kinalipiwa kwa usiku, na usiku zikijumlishwa kwa mwaka zinazidi kwa mbali kodi ya nyumba nzima. Tangu sheria ya mwaka 1980 iwape wapangaji haki ya kununua kwa punguzo, karibu nyumba milioni mbili za umma zimeuzwa England. Sehemu kubwa ya hizo leo ziko mikononi mwa wenye nyumba binafsi, na baadhi halmashauri inazikodi tena kuwaweka haohao wasio na pa kulala. Scotland ilifuta haki hiyo mwaka 2016, Wales mwaka 2019.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, nitamsikiliza.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hoja yako nzuri ila umeiandika kama mtu ambaye hajawahi kukaa upande wa pili wa meza. Mimi nimefanya uhasibu wa halmashauri kwa miaka 11. Kuna wiki niliwahi kuweka hundi tatu mezani na fedha ilitosha moja: ya dawa, ya mafuta ya magari ya taka, na ya fundi wa paa lililokuwa linavuja juu ya wapangaji 40. Nyumba za umma unazozitetea nazo zinakula. Zina mabomba, zina lifti, zina paa. Halmashauri isiyo na fedha ya matengenezo ni mwenye nyumba mbaya kuliko hata tajiri mchoyo, kwa sababu tajiri unaweza kumshtaki na ana cha kukulipa.

Pia umeruka upande wa pili wa historia. Croydon, kusini mwa London, waliamua kujenga badala ya kuuza. Wakaunda kampuni yao ya kujenga nyumba, Brick by Brick, wakaikopesha karibu pauni milioni 200. Gawio, yaani mgao wa faida, halikuonekana, mkaguzi akatoa ripoti kali Oktoba 2020, na mwezi uliofuata mkuu wa fedha akatangaza rasmi kwamba bajeti haiwezi kusawazishwa. Balaa la Woking, mji ulio kusini-magharibi mwa London, ni kubwa zaidi. Walikopa kuhuisha katikati ya mji: minara ya makazi, hoteli, maduka. Juni 2023 wakatangaza pengo la pauni bilioni 1.2, wakati bajeti yao ya msingi kwa mwaka ilikuwa kama pauni milioni 16. Waliingia humo kwa kununua na kujenga. Sasa niambie, mhasibu wa mji kama huo auze nini kama hauzi majengo?

Mchangiaji wa pili

Mimi sina takwimu. Nina ufunguo. Mtaa wetu ulibomolewa kupisha mradi wa kuhuisha mji, na barua tuliyopewa ilisema tutarudi ujenzi ukikamilika. Ufunguo wa mlango ule nimeutunza kwenye kopo la vifungo mwaka wa tisa huu. Majengo yamekamilika, yanapendeza kwa kweli, ila kodi yake si ya watu wa mtaa ule. Nilipokwenda kuuliza, kijana wa mapokezi alisoma barua yangu kwa heshima, akaniambia, "Mama, hapa imeandikwa mtapewa kipaumbele. Haijasema kwa kodi gani."

Kwa hiyo mnapojadili kuuza au kujenga, mtujadili na sisi tuliomo ndani. Maneno ya kwenye barua yapimwe kabla hatujafungasha.

Mleta mada

Nianze na mama, kwa sababu ameniumiza. Dada yangu, pole sana. Nakiri niliandika mada nzima nikihesabu nyumba bila kumtaja mtu anayehamishwa kutoka ndani yake. Umenipa kipimo nilichokuwa sina. Mradi wowote wa kuhuisha mji, kabla ya picha za rangi kubandikwa ukutani, useme kwa maandishi: kila mpangaji wa sasa atalala wapi wakati wa ujenzi, atarudi lini, na kwa kodi ipi. Kama karatasi hiyo haipo, diwani asinyooshe mkono.

Kwako mhasibu: nakubali Woking na Croydon zilianguka kwa mikopo, sikuwa nimezisahau. Lakini angalia walichokopea. Woking ilijenga ikitegemea hoteli, maduka na thamani ya majengo vilipe deni. Ni biashara ya kubahatisha kwa fedha za umma. Croydon iliweka matumaini kwenye faida ya mauzo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeanguka kwa sababu ya kumiliki nyumba nyingi za kupangisha zenye kodi nafuu na wapangaji wanaolipa kila mwezi.

Linganisha na Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwaka 1923, mji ukiwa hoi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mfumuko wa bei umetoka kula akiba za watu, waliweka kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba, wenye makasri wakilipa mara nyingi zaidi ya wenye chumba kimoja. Kwa sehemu kubwa walijenga kwa kodi hiyo, si kwa mikopo ya kubahatisha. Kufikia 1934 walikuwa na nyumba zaidi ya 60,000. Karl-Marx-Hof, lililozinduliwa mwaka 1930, ni jengo lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, nyumba 1,382, na sehemu kubwa ya kiwanja chake waliiacha iwe bustani. Ndani mkawa na mahali pa kufulia, bafu, shule za chekechea, maktaba. Watu bado wanaishi humo. Jiji lina nyumba kama 220,000 leo, na ukizijumlisha na za vyama vya makazi, karibu nusu ya wakazi wanaishi katika nyumba za umma au zenye ruzuku. Hapo ndipo mji unaposhusha bei ya pango hata kwa wapangaji wa watu binafsi, kwa kuwa mpangaji ana pa kwenda.

Paa linalovuja nalo umelisema kweli, na jibu langu ni moja: kodi ya pango ya nyumba hizo iwekwe kwenye akaunti yake, isiguswe kwa mafuta ya magari wala posho za vikao. Kama ni lazima kuuza kitu, iuzwe hoteli, liuzwe duka kubwa, zikodishwe ofisi zilizobaki tupu. Ardhi itolewe kwa mkataba wa miaka, umiliki ubaki kwa umma. Na nyumba yenye mtu ndani iwe ya mwisho kabisa kwenye orodha.

Nikuulize swali moja, mkuu, maana wewe ulikaa na vitabu: kwenye hiyo halmashauri yako, kodi ya wale wapangaji 40 ilikuwa inaingia akaunti gani?

Mchangiaji wa kwanza

Akaunti ya jumla. Ilichanganywa na kila kitu. Hapo umenishika, ndugu yangu. Ingetengwa, paa lile lingezibwa mwaka wa kwanza tu.