Mama anataka upelelezi usio na damu: Rosemary & Thyme, Midsomer Murders au Murder, She Wrote?

MwanaLushoto
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wa wenye uzoefu na tamthilia za upelelezi za Waingereza na Wamarekani.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari amempiga marufuku kuinama kwa majuma kadhaa. Kwa mtu aliyezoea kuamkia bustanini kila alfajiri, hiyo ni adhabu. Anakaa dirishani anatazama magugu yanavyoota kwenye matuta ya karoti, na naona jinsi yanavyomuumiza kuliko hata mshono.

Visa vya upelelezi anavipenda tangu zamani. Ila hivi vya siku hizi vinavyoonyesha maiti imekatwakatwa hawezi. Anazima runinga na usingizi unapotea. Anataka kifo kiwepo, muuaji atafutwe mpaka apatikane, lakini damu isimwagwe mbele yake. Kiingereza hakimsumbui. Nimechuja zikabaki tatu: Rosemary & Thyme, Midsomer Murders na Murder, She Wrote. Kwa sasa naweza kununua moja tu. Iwe ipi?

Kipepeo84
Pole kwa kuuguza, mfikishie mama shikamoo yangu.

Mimi ni wa Jessica Fletcher bila kusita. Murder, She Wrote ilianza 1984 ikaisha 1996: misimu 12, vipindi 264. Mama atapona, atashika jembe, na bado vitabaki. Halafu huyo Jessica ni mjane, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyeanza kuandika riwaya za upelelezi akapata maisha mapya wakati wenzake wanahesabu pensheni. Gari haendeshi, mjini kwake anazunguka kwa baiskeli. Angela Lansbury alianza kumwigiza akikaribia miaka 59, akaibeba tamthilia nzima kwa miaka 12. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy mara 12 kwa nafasi hiyo na hakupewa hata moja. Linaniuma mpaka leo.

Mwalimu mstaafu ataelewana na mwalimu mstaafu mwenzake.

MtunzaMiche
Salamu kutoka Kericho. Kipepeo84 amesema vyema, lakini mama huyu anachokosa ni udongo. Mpe Rosemary & Thyme.

Ilianza kuonyeshwa ITV ya Uingereza mwaka 2003. Misimu mitatu, vipindi 22 pekee. Rosemary Boxer, anayeigizwa na Felicity Kendal, ni mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyepoteza kazi ya kufundisha chuo kikuu. Laura Thyme, ambaye ni Pam Ferris, aliwahi kuwa polisi, na mumewe amemwacha akaenda kwa mwanamke kijana. Wanakutana, wanaungana kutengeneza bustani za watu, na huko waendako kuna mtu amekufa. Majina yao ni ya majani mawili ya viungo, na muziki wa ufunguzi ni gitaa linalopiga wimbo wa kale wa Kiingereza unaoyataja majani hayo hayo.

Kinachonishika mimi ni kazi yenyewe. Nimekaa kwenye mashamba ya chai miaka mingi. Kuna kuvu wa mizizi, jina lake la kitaalamu ni Armillaria. Unaona mchai mmoja umenyauka, baadaye wa jirani, baadaye wa tatu. Mgeni atanyunyizia dawa kwenye majani. Mwenye kujua huchimba shinani, hubandua gamba la mzizi, na hapo chini hukuta utando mweupe unaonuka uyoga. Kisha huuliza: palikuwa na nini hapa kabla ya chai? Mara nyingi jibu ni kisiki cha mti wa msitu uliokatwa wakati shamba linafunguliwa, kikabaki chini ya ardhi na kuvu wake. Ndiyo maana wazee wa chai waliuchuna mti gamba kuzunguka shina, wakauacha usimame mpaka akiba ya chakula mizizini iishe, ndipo wakaukata.

Sasa niambieni kama huo si upelelezi. Mmea uliokufa leo uliuawa na jambo la zamani lililofukiwa. Rosemary anafikiri hivyo hivyo akiwa mbele ya maiti ya mtu, na hajifunzi hilo kwa polisi, amelileta kutoka kwenye mizizi. Sijaona tamthilia nyingine iliyoheshimu akili ya mkulima kiasi hicho.

JichoLaTatu
Midsomer nimeifuatilia kwa miaka, kwa hiyo niseme ukweli wake. Mandhari ni ya kuvutia sana: nyumba za kuezekwa nyasi, mashindano ya maua, makanisa ya mawe. Ilianza 1997 na kila kipindi ni cha takriban saa moja na nusu. Lakini mpelelezi wake, Barnaby, ni polisi wa kulipwa mshahara, si jirani mdadisi, na kipindi kimoja kinaweza kuua watu watatu kwa njia za ajabu. Kwa mama anayekosa usingizi, hapana.

Hili litawafurahisha watu wa bustani: Neil Dudgeon, aliyemrithi John Nettles mwaka 2011 kama Barnaby wa pili, aliwahi kutokea humo humo mwaka 2000 kama mtunza bustani, kwenye kisa kilichohusu bustani yenye kifo.

Na kuna jambo sipendi lifichwe. Mwaka huo wa 2011 mtayarishaji wake, Brian True-May, aliliambia jarida la Radio Times kwamba tamthilia isingefaa kama ingekuwa na watu wa rangi nyingine vijijini humo. Alisimamishwa, kisha akaondoka. Naitazama bado, lakini siku ile nilihisi nimefungiwa mlango wa nyumba niliyokuwa nikiipenda.

DadaWaReading
Nimesoma nikajikuta nalia. Ngoja nieleze.

Nilipofika Uingereza kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhudumia wazee majumbani. Nilikuwa na bibi mmoja, miaka 91, mkali, hakutaka mgeni aguse vyombo vyake. Wiki mbili za mwanzo hatukuzungumza zaidi ya dawa na chakula. Mchana ITV3 hurudia tamthilia za zamani, na siku moja ikawa Rosemary & Thyme. Mimi nikacheka kumwona Pam Ferris, maana nilimjua kama yule mwalimu mkuu wa kutisha wa filamu ya Matilda, na hapa yuko na toroli na uso wa huruma. Bibi akauliza nacheka nini. Nikamweleza. Naye akaniambia kwamba Felicity Kendal alimpenda tangu The Good Life ya miaka ya sabini, alipoigiza mke wa mtu aliyeacha kazi wakaanza kulima mboga na kufuga nguruwe kwenye nyumba ya mjini.

Toka siku ile tukawa na miadi. Yeye alikuwa haangalii wauaji, anaangalia nyuma yao. "Simamisha hapo." Ninasimamisha picha, ananitajia ua, ananieleza linapandwa mwezi gani na konokono hulishambulia vipi. Siku moja likaonekana lile ua refu la zambarau lenye vikombe vinavyoning'inia, digitali. Akanyoosha kidole kwenye kopo la vidonge vyake vya moyo akasema vile vimetoka kwenye jamaa ya ua lile. Nikadhani ni maneno ya uzee. Kumbe kweli: digoxin hutolewa kwenye digitali, na daktari William Withering aliandika tangu 1785 jinsi mmea ule unavyotibu, na jinsi unavyoua ukizidisha.

Ndugu yangu MwanaLushoto, pale ndipo nilipoelewa kwa nini tamthilia hizi zinapendwa na watu waliofungiwa ndani. Mtu anayekufa humjui, humlilii. Bustani unaijua. Wanawake wawili wa makamo, kila mmoja ametupwa na maisha, wanapiga magoti kwenye udongo wanaongea mambo yao, na mwisho wa kipindi kuna kitu kimepandwa. Bibi yangu hakuweza kupiga magoti miaka sita. Kwa dakika zile hamsini alikuwa amepiga.

Mpe mama hiyo.

Kipepeo84
Dada, umenigusa. Lakini nisijitoe haraka. Visa vyenyewe ni vyepesi mno! Ukitazama vitatu mfululizo, cha nne unamjua muuaji kabla ya chai kupoa. Na inawezekanaje kila bustani iwe na maiti?

MtunzaMiche
Swali hilo lirudi kwa Jessica. Cabot Cove anakoishi ni mji mdogo wa pwani ya Maine, Marekani, na watu wamekufa pale mpaka unashangaa waliobaki wanaishije. Mtunza bustani angalau ameitwa kazini. Ana sababu ya kuwa pale, anachimba kwa ruhusa, anaingia nyuma ya nyumba ambako mgeni wa sebuleni hafiki. Na watu huongea mbele yake kama hayupo. Uliza yeyote aliyewahi kufanya kazi ya bustani kwenye nyumba za wakubwa, Nairobi au kwingine: anajua nani amenuniana na nani, na hajauliza hata neno moja.

Kwamba visa ni vyepesi, nakubali. Kwa mgonjwa ni sifa.

BibiWaForodhani
Nachangia kidogo kutoka Unguja. Visa vya sumu za mimea vina ukoo mrefu. Agatha Christie, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali ya Torquay wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiko alikojifunzia sumu. Na Brian Eastman aliyeibuni Rosemary & Thyme ndiye aliyetayarisha tamthilia ya runinga ya Poirot, mpelelezi wa riwaya za Christie.

Sisi tunapanda oleanda kando ya ukuta kwa uzuri wa maua, na kila sehemu yake ni sumu ya moyo. Mbegu za mbarika je? Wenye wajukuu, tuwe macho.

Mama akimaliza hivyo 22, mtafutie The No. 1 Ladies' Detective Agency, iliyopigwa Botswana, yenye Jill Scott. Humo yumo Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania, akiigiza fundi magari mpole kabisa. Ni vipindi saba tu, na utulivu wake unafanana na huo mnaousifu hapa.

MwanaLushoto
Wakuu, narudi na mrejesho. Nilichukua Rosemary & Thyme. Kipepeo84 usikasirike, Jessica anafuata mwisho wa mwezi, mama mwenyewe kamwagiza baada ya kusikia ni mwalimu.

Tumetazama vipindi vinne. Kama bibi wa DadaWaReading, anasimamisha picha. Waridi moja amelikosoa kwamba limepogolewa vibaya, akadai daftari, sasa anaandika. Jana usiku nilimsomea maelezo ya MtunzaMiche kuhusu visiki. Akanyamaza, kisha akasema: "Ule mwerezi baba yako aliukata mwaka gani?" Kuna kichaka cha haidranjia karibu na geti kimekuwa kikikauka upande mmoja tangu mwaka jana, na cha jirani yake kimeanza. Tumekuwa tukilaumu jua.

Amenipa amri ya kuchimba kesho asubuhi, yeye akiwa kwenye kiti barazani ananielekeza. MtunzaMiche, huo utando mweupe nitauona kwa macho tu, au nitafute lenzi? Nitapiga picha nizilete hapa.