Boxer 150: tairi la nyuma linasugua madigadi nikipakia. Nikate au nifanyeje?

Kiroka_Boda
Wakuu, habari. Naomba ushauri. Boxer 150 yangu ilikuja na tairi la nyuma 3.00-17. Sasa hivi ina 110/90-17, nililifunga kwa sababu napandisha abiria na mikungu ya ndizi kwenye njia za milimani. Nikiwa peke yangu halisugui. Nikipakia, kila shimo nasikia mkwaruzo na harufu ya mpira. Ndani ya madigadi kuna mstari mweusi uliosuguliwa, umeegemea upande wa cheni. Shokapu ni zile zile za kiwandani. Fundi wa kijiweni anataka kukata madigadi kwa grinda. Nimkubalie?

Spana_Kumi
Mkuu, grinda isubiri kwanza. Piga hesabu ya tairi. Rimu ya inchi 17 ina kipenyo cha milimita 432. Tairi la 3.00 lina ukuta wa takriban milimita 80, kwa hiyo kipenyo chake chote ni kama 590. Lile la 110/90 lina ukuta wa 99 (asilimia 90 ya 110), jumla 630. Ina maana kutoka katikati ya ekseli hadi juu umeongeza milimita 20. Sentimita mbili za nafasi zimekwisha kabla hujapakia chochote, na upana nao umeongezeka, ndiyo maana cheni nayo iko hatarini.

Kingine, soma namba ya upana (kwa inchi) iliyogongwa kwenye rimu. Ikiwa ni 1.85, ni nyembamba kwa 110/90, ambalo linataka kuanzia 2.15. Rimu nyembamba inalibana tairi kiunoni, linakuwa la mviringo, kilele chake kinapanda juu kuliko hesabu, na kwenye kona linayumba.

Halafu pima nafasi pikipiki ikiwa na mzigo. Kupima ikiwa imesimama tupu hakukuambii kitu. Chukua udongo wa mfinyanzi uliolainika, finyanga vidonge vitatu vya unene wa sentimita 4, uvibandike juu ya tairi chini ya madigadi: kimoja katikati, viwili pembeni. Shusha pikipiki kutoka kwenye stendi, mtu ashike breki ya mbele, watu wawili wazito wakae na kuruka-ruka kwenye siti. Toa vidonge, kata kwa kisu, pima unene uliobaki. Shimo la kweli litabonyeza zaidi ya hapo, kwa hiyo mimi nataka nibakiwe na milimita 15 barabara kavu, na 25 kwenye tope. Tope likijaa kwenye nafasi finyu linakuwa kama breki ya pili.

Dada_Gereji
Naongezea kwa Spana_Kumi. Kabla ya kulaumu tairi, ingiza tochi ndani ya madigadi. Mara nyingi bolti za madigadi au za keria zimefungwa kichwa juu, ncha chini, na hizo ncha ndizo zinazochana tairi. Zigeuze: kichwa cha mviringo kikae ndani, nati iwe juu. Ikiwa bolti ni ndefu, kata mkia wake, usiongeze washa.

Angalia pia waya za taa ya nyuma. Kwenye pikipiki nyingi zinapita ndani au ukingoni mwa madigadi. Tairi likizila ngozi, waya zinagusa bodi, fyuzi inaungua na taa ya breki inazimika bila wewe kujua. Zihamishie upande usio wa cheni, uzibane kwa vibanio.

Na kwa nini mstari umeegemea upande mmoja? Hapo gurudumu halijanyooka. Usiamini alama za kukazia cheni. Pima kutoka katikati ya bolti inayoshikilia mkono wa nyuma (ile fremu inayobeba gurudumu la nyuma) kwenye fremu kuu hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto, namba ziwe sawa. Kisha nyanyua gurudumu, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, bushi za mkono wa nyuma zimekwisha, au bearingi za gurudumu.

Kiroka_Boda
Asanteni sana. Nimepima: udongo umebaki milimita 4 katikati. Rimu ni 1.85. Kuna bolti mbili za keria zimeelekea chini, na chini ya kishikio cha madigadi mtu aliweka washa za milimita 5. Gurudumu halichezi, ila kulia na kushoto zinatofautiana milimita 3. Je, nikiweka shokapu ndefu zaidi?

Spana_Kumi
Shokapu ndefu inakudanganya. Itainua pikipiki ikiwa imesimama, lakini kinachoamua ni urefu wake ikiwa imebonyea hadi mwisho. Ikiwa ina mwendo mrefu, itabonyea hadi pale pale na tairi litagusa vile vile. Juu ya hayo, nyuma ikipanda usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye mteremko, na stendi ya kati haikai vizuri.

Ushauri wangu: funga 100/90-17. Kipenyo chake ni 612, unarudishiwa milimita 9. Yenye namba ya mzigo 55 inabeba kilo 218, wakati 3.00-17 ya 50 inabeba 190. Hakikisha maelezo ya tairi yanaikubali rimu ya 1.85. Toa zile washa, madigadi ipande milimita 5. Jumla na zako 4 unafika 18, na huenda zaidi kwa sababu tairi litakaa vizuri kwenye rimu. Kwa tope la masika bado ni pungufu, kwa hiyo simama ulitoe tope kila linapojaa. Nguvu ya kupanda mlima nayo itarudi kiasi, maana 110/90 kwa ukubwa wake limerefusha gia (kila mzunguko unakwenda mbali zaidi) kwa karibu asilimia 7.

Dada_Gereji
Ukilazimika kukata madigadi baada ya hayo, toboa kwanza tundu la milimita 6 kila mwisho wa mkato, la sivyo ufa utaendelea hadi kwenye taa. Na usikate karibu na kishikio.

Ukishafunga tairi jipya, nyoosha gurudumu kwa kipimo cha ekseli, legeza cheni icheze milimita 20 hadi 30 sehemu iliyokaza zaidi, kisha urekebishe fimbo ya breki, kwa sababu ekseli ikisogea breki nayo inabadilika. Upepo wa nyuma psi 32 ukiwa na mzigo. Rudia kipimo cha udongo kabla ya kupakia abiria.