Mliojitolea au kuajiriwa kwenye michezo hapa Mombasa, tupeane uzoefu

Kaka wa Kizingo: Jana jioni nilimwona binti mmoja wa kujitolea akifokewa na ofisa wa klabu mbele ya watoto anaowafundisha, eti kwa sababu mipira miwili haikujazwa upepo. Aliinama, akaendelea kupanga koni. Nimewahi kusimama pale aliposimama yeye. Ndugu zangu, mlitendeana vipi huko mlikokuwa?

Mbeba Maji: Tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanyika kwenye uwanja wetu wa gofu, nilikuwa zamu ya maji. Wengi hukumbuka jinsi joto lilivyomshinda Kenenisa Bekele akajitoa, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaibuka mshindi. Mimi humkumbuka kiongozi wa kundi letu, mama wa makamo, aliyepita akitutazama midomo. Aliyekauka midomo alipelekwa kivulini, na zamu yake akaishika mama mwenyewe. Hakuna aliyetoroka siku ile.

Bi Tudor: Kiongozi wa namna hiyo nimempata mara moja tu katika miaka tisa.

Msaidizi wa Dawa: Langu ni refu, mnivumilie. Yalikuwa mashindano ya vijana, Jumamosi ya kaskazi, nami nikisimamia huduma ya kwanza. Asubuhi mtunza stoo, ambaye ni mwajiriwa, alikorofishana nasi kwa ajili ya chai: alisema mahamri ni ya wafanyakazi, nasi tukamjibu maneno ambayo leo nayaonea haya. Alifungia sanduku la dawa stoo, akatia ufunguo mfukoni, akaondoka. Dakika ya ishirini winga wetu aligongana na beki, akapasuka juu ya jicho, damu ikawa inamziba macho huku mama yake akiteremka mbio kutoka jukwaani. Nilipompigia simu mtunza stoo nilisikia honi ya feri. Alikuwa katikati ya maji akirudi kwao Likoni, na feri haigeuki kwa ajili ya ufunguo. Nilimfunga mtoto kwa leso ya mama yake, leso mpya ambayo jina lake lilikuwa bado linang'aa, tukakimbilia hospitali kwa tuktuk, akashonwa nyuzi sita. Kikaoni alilaumiwa mtunza stoo peke yake. Mimi sikutaja mahamri.

Mama wa Changamwe: Mtoto hajambo? Na leso je, ilirudi?

Msaidizi wa Dawa: Hajambo, ana kovu na analiringia. Leso nilimnunulia nyingine, akasema jina lake halikumpendeza.

Mwajiriwa: Mbona katika kila kisa mwajiriwa ndiye mbaya? Wa kujitolea huja saa nne, hupiga picha na kombe, kisha huniachia viti mia mbili nivikusanye peke yangu.

Kaka wa Kizingo: Si unalipwa?

Mwajiriwa: Hulipwa, mara nyingine baada ya miezi mitatu. Usinichokoze, ndugu yangu.

Bi Tudor: Tusipotoke. Anayejitolea ameahidi jasho lake, hakuahidi na nauli ya matatu kutoka Mtwapa.

Mzee wa Majengo: Mkianza kulipana nauli, kesho mtadai posho. Sisi tulikwenda kwa miguu.

Bi Tudor: Nanyi, mzee wangu, mlikuwa mkiishi mkabala na uwanja.

Katibu Mstaafu: Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka mashirika ya michezo yasajiliwe kwa Msajili wa Michezo, na katiba ni sehemu ya usajili huo; kwa hiyo anzeni kwa kuisoma ya kwenu. Ya klabu yetu ilieleza rangi za jezi kwa kirefu, lakini haikuwa na neno hata moja kuhusu nani amkanye nani. Tuliongeza kwamba mtu akanywe faraghani, na kamwe si mbele ya watoto.

Mzee wa Majengo: Mimi ningemkanya hapo hapo, akumbuke.

Mama wa Changamwe: Chongesheni funguo mbili, na mahamri myagawe kwa vichwa, si kwa vyeo.

Mwajiriwa: Msaidizi wa Dawa, yule mtunza stoo ulimwomba radhi?

Msaidizi wa Dawa: Bado. Hukutana naye kivukoni, tukasalimiana, naye kila mara huniuliza hali ya mtoto.