Mchemraba una kingo 12 au 6? Nisaidieni na hesabu ya binti yangu

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Hamjambo wote. Binti yangu yuko Gredi ya Nne. Jana aliulizwa mchemraba una kingo ngapi, akaandika 6, akakosa. Ni mimi niliyemwambia hivyo. Tulishika pakiti ya majani chai tukahesabu pamoja: juu, chini, mbele, nyuma, kulia, kushoto. Sasa haniamini tena na nimeumia. Upande, ukingo na uso vinatofautiana vipi? Mimi nyumbani vyote naviita pande.

Fundi wa masanduku, Kibuye
Mama, pole. Hesabu yako ni sawa, ila ulihesabu nyuso. Tatizo ni hilo neno upande, tunalitupia kila kitu.

Mimi natengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Bati likiwa bado limelala chini ni mstatili, lina pande 4, ile mistari inayolizunguka. Nikishalikunja likawa sanduku, eneo lote ninalopaka rangi kwa mara moja ni uso. Pale nyuso mbili zinapokutana, nilipokunja au kupiga ribiti, ni ukingo. Na ile ncha ambapo kingo 3 zinakutana ni kipeo. Hapo ndipo nagongea kibati cha kona, maana sanduku likianguka kutoka kwenye keria ya matatu huumia hapo kwanza. Vibati ni 8, sijawahi kuhitaji 9.

Sanduku langu si mchemraba kamili, kwa kuwa urefu, upana na kimo havilingani, lakini hesabu ni ile ile.

Fanya hivi na mtoto. Chukua makasi, ikate hiyo pakiti ibaki vipande 6. Kila kipande kina pande 4, jumla 24. Sasa virudishe kwa selotepu. Kila mahali unapobandika, pande 2 zinageuka ukingo 1. Gawanya 24 kwa 2.

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Tumekata! 12 kweli. Halafu amechukua pakiti nyingine akapitisha biro juu ya kila ukingo: 4 za juu, 4 za chini, 4 zinazosimama. Ila sasa anauliza tangi la maji la jirani lina kingo ngapi.

Mwalimu wa hisabati, Nakuru
Fundi, hayo makasi nitayaiba niende nayo darasani.

Mama, tangi ni silinda. Lina nyuso bapa 2, juu na chini, na uso mmoja uliopinda. Kingo ni 2, zile duara mbili, na halina kipeo. Vitabu vingine huita uso ule ulio bapa tu, kwa hiyo angalia kwanza daftari lake limesema nini kabla hajajibu 3.

Kwa maumbo yenye nyuso bapa na kingo zilizonyooka, kama sanduku, prizimu na piramidi, mfundishe kujihakiki. Jumlisha nyuso na vipeo, toa kingo, utapata 2. Sanduku: 6 + 8 − 12. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alimwandikia rafiki yake Goldbach kuhusu kanuni hii mwaka 1750. Usiipeleke kwenye tangi: 3 + 0 − 2 ni 1, na mtoto atadhani amekosea kuhesabu.

Fundi wa masanduku, Kibuye
Mwalimu, nimejaribu paa la kibanda changu lenye migongo miwili, nikilihesabu pamoja na dari yake na zile pembetatu za mbele na nyuma. Nyuso 5, vipeo 6, kingo 9. Imetoka 2.

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Nimemsomea la paa. Ametoka nje na biro, anatazama juu anahesabu letu.